Matundu ya Kushoto

Jirani wa tatu kuja kuitazama friji alivua viatu mlangoni. Hakuna aliyemwambia avue. Sakafu ya jiko lenyewe ilikuwa ya saruji iliyopasuka, na kuku wa nyumba ya pili alikuwa akiingia na kutoka bila kuomba ruhusa. Lakini yule mama alipochungulia na kuiona friji imesimama pembeni, imevaa mbao kama kabati la watu wazito, miguu yenyewe ilikataa kuingia na vumbi.

"Hii ndiyo friji?" aliuliza. "Nilidhani kabati la nguo."

"Vuta hapo uone," mke wa fundi alisema.

Jirani akavuta kishikio. Mlango ukafunguka, taa ikawaka, na ndani yakaonekana mafungu mawili ya mboga na chupa ya maji. Jirani aliyatazama mafungu yale kwa heshima ambayo mboga haijawahi kupewa.

"Jamani," alisema. "Wengine mmeolewa."

Mke wa fundi akacheka kwa raha. Friji ile alikuwa nayo miaka mingi ikiwa na kutu mlangoni na kishikio kilichovunjika, akiifungua kwa kuchokonoa ufito wa mpira kwa kucha. Wageni wakija alikuwa akiifunika kwa kitambaa cha meza. Sasa wageni walikuwa wakija kwa ajili yake.

"Ubao wenyewe ulikuwa wa nyumba moja kule kwenye mageti," alieleza. "Mdogo wangu ndiye aliyeuharibu. Akatoboa matundu ya kishikio upande wa kushoto, kumbe kishikio kilitakiwa kulia. Bahati nzuri friji yetu sisi inafungukia kushoto. Baba watoto akasema kitu kizuri kama hiki hakitupwi. Akaubeba mwenyewe begani mpaka hapa."

"Mdogo wako yupi? Sentimita?"

"Huyo huyo."

"Sentimita akosee kupima?" Jirani alishika kiuno. "Yule aliyepima mlango wa choo changu mara nne, mpaka nikamwambia, baba, hiki ni choo, si kaburi la mfalme?"

"Ndiyo hapo sasa. Hata fundi huteleza."

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa uani kwenye kigoda, inanoa patasi ambayo ilikuwa imekwisha noleka tangu asubuhi. Fundi aliwasikia wanawake wakicheka na masikio yakamwaka moto. Aliinamisha kichwa na kuendelea kusugua. Matundu yale ya kushoto aliyatoboa yeye, kwa mkono wake na kwa drili yake.

Mambo yalikuwa hivi. Mwenye jiko lile la kwenye mageti hakutaka kuona kitu cha umeme jikoni mwake. Friji na mashine ya kuoshea vyombo, vyote vivishwe mbao zilezile za makabati, mgeni akiingia asijue hata maji baridi yanatoka wapi. Mbao zote zilipasuliwa katika karakana moja kutoka gogo moja, zikapangwa kwa mfuatano, ili mistari ya mti ianzie kabati la kwanza na kwenda mpaka la mwisho bila kukatika. Kwa hiyo kila ubao ulikuwa na mahali pake pamoja tu. Ukiharibu mmoja, huwezi kwenda dukani kununua mwenzake.

Siku ya kutoboa, friji ilikuwa bado imo ndani ya boksi lake. Sentimita aliushika ubao na kusita.

"Shemeji, tumuulize mama mwenye jiko kwanza. Mlango utafungukia wapi?"

"Friji zote zinafungukia huku," fundi alijibu. "Nimeanza kuzivalisha mbao wewe ukiwa unavaa kaptula."

"Pale itakaposimama pana ukuta. Huenda bawaba zimehamishwa."

"Nipe drili, bwana. Tukiulizauliza watasema hatujui kazi."

Bawaba zilikuwa zimehamishwa. Boksi lilipofunguliwa fundi aliona, na jasho likamtoka mgongoni kama maji ya bomba bovu. Alijaribu kuugeuza ubao juu chini ili matundu yaende kulia. Mwenye jiko akaingia wakati huohuo na kikombe chake mkononi, akautazama ubao, akainamisha kichwa pembeni.

"Fundi, mbona mti huu umesimama kichwa chini?"

Fundi akaurudisha. Mistari ikakaa sawa, na matundu mawili yakabaki kushoto, yameduwaa.

"Nani katoboa huku?"

Sentimita alikuwa ametoka kufuata skrubu. Fundi alifungua kinywa akiwa na nia njema kabisa, na neno lililotakiwa kutoka lilikuwa moja tu: mimi. Mwenyewe alishangaa kusikia kilichotoka.

"Ni huyu shemeji yangu, mama. Nilimwachia kidogo tu, nikageuka."

Sentimita alikuwa amekwisha rudi, amesimama mlangoni na boksi la skrubu. Alisikia. Alimtazama fundi, akautazama ubao, kisha akaliweka boksi chini taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

"Samahani, mama," alisema.

"Huyu usimlete tena humu ndani," mwenye jiko alimwambia fundi, utadhani Sentimita hayupo. "Na mzee wa karakana nitamweleza. Atajua pa kutoa ubao mwingine."

Mzee wa karakana alitoa ubao wa mwisho wa gogo lile, aliokuwa amejiwekea kwa ajili ya mlango wa nyumba yake. Hakufurahi. Na mzee huyo ndiye aliyekuwa amemwahidi Sentimita kibarua cha kudumu, na mashine yake mwenyewe, mara tu kazi ya jiko lile itakapokwisha.

*

"Wamemkatalia," mke wa fundi alisema, siku chache baada ya jirani wa tatu. Alikuwa akimpakulia mumewe chai. "Mdogo wangu kaenda karakana, mzee hakumkaribisha hata kiti. Kamwambia, wewe unayetoboa kwa kubahatisha, nenda kawatafute wenzako wanaotoboa kwa kubahatisha."

Fundi alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari bado.

"Nenda kamsemee, baba watoto. Wewe unaheshimika pale."

"Nitakwenda."

"Leo?"

"Nimesema nitakwenda."

Akaenda. Njiani alijipanga vizuri, maneno yakakaa mstarini kama askari: mzee, lile kosa lilikuwa langu. Lakini alipoingia, mashine zikiunguruma na unga wa mbao ukielea hewani, mzee wa karakana alizima msumeno wake na kumkumbatia mbele za watu.

"Tazameni mtu huyu," mzee aliwaambia mafundi wake. "Shemeji kamharibia kazi, bado kavumilia, kamaliza jiko la watu, na yule mama anamsifu kila anapokwenda. Huu ndio ufundi."

Kilemba cha ukoka kikimkaa mtu vizuri kichwani, kukivua ni kazi. Fundi alikohoa.

"Mzee, nimekuja kwa ajili ya kijana."

"Sentimita?" Mzee aliguna. "Ubao wangu wa mlango umekwenda kwa ajili yake. Niambie wewe unayemjua. Hakuharibu?"

Hapo ndipo palipokuwa pa kusemea, na fundi alipaona waziwazi kama mtu anavyoliona shimo mbele yake barabarani. Watu walikuwa wakimtazama. Mmoja alikuwa anatabasamu.

"Aliharibu," alisema. "Lakini amejifunza."

"Basi na aende akajifunzie mbele," mzee alijibu, akawasha msumeno.

Nyumbani mkewe alimsubiri mlangoni. Fundi alimwambia kwamba mzee ana moyo mgumu, na mkewe akampa pole, akamwekea maji ya kuoga. Maji yalikuwa ya moto na fundi alioga haraka, maana hakuweza kustahimili wema ule.

*

Jumapili mama mkwe alikuja kuiona friji. Alikuja na Sentimita, amemkokota kwa nguvu, kwa sababu kijana alikuwa na wiki kadhaa hajakanyaga kwa dada yake. Fundi aliposimama kuwapokea, Sentimita alimpa mkono vilevile kama zamani.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Habari za siku?"

"Nzuri tu."

Kiganja chake kilikuwa kimechubuka. Fundi alikigundua, lakini hakuuliza.

Mama mkwe aliizunguka friji kama anayenunua ng'ombe. Aliupapasa ubao, akauinamia, akapitisha kidole kwenye mstari mmoja kuanzia chini mpaka alipofika. Kisha akavuta kishikio na mlango ukalia. Haukuwa ukilia mwanzoni. Ubao ule ulitengenezwa kwa friji nzito yenye bawaba nene, na hii ya kwao ilikuwa mzee mwenzake mama mkwe. Upande mmoja wa mlango ulikuwa umeshuka, mpira haushiki tena, na barafu ilikuwa imeota ndani mpaka chini.

"Maziwa yamechacha," mke wa fundi alisema kwa aibu, akiitikisa chupa. "Nilinunua jana kwa ajili ya chai yenu."

"Tutakunywa ya rangi," mama mkwe alisema. "Kaeni tule."

Walikaa mkekani. Nyama haikuwa nyingi, na mke wa fundi alikuwa ameipanga kabla ya wageni kufika: kila mmoja na kipande chake, na kile kikubwa chenye mfupa wa uboho amekiweka pembeni ya sahani ya mdogo wake, maana alikuwa amekonda. Aliiweka tu sahani mbele yake na kumgusa bega.

Mama mkwe aliliona lile. Akanyoosha mkono, akakiinua kile kipande kutoka kwenye sahani ya mwanawe na kukiweka kwenye sahani ya mkwewe.

"Mfupa mwekeeni aliyetusitiri," alisema. "Huyu kaaibishwa kwenye nyumba za watu kwa ajili yenu, na bado kaugeuza ubovu kuwa pambo. Wewe," alimgeukia Sentimita, "nilikulea mimi. Nilikufundisha kufanya kitu bila kuangalia?"

"Hapana, mama."

"Ulikuwa unaangalia wapi siku hiyo?"

"Sijui, mama."

"Hajui. Mwanaume mzima, jina lake Sentimita, hajui alikuwa anaangalia wapi. Watu wananiuliza sokoni, eti yule wako wa vipimo imekuwaje. Nijibu nini? Niambie wewe nijibu nini."

"Waambie nilikosea."

"Mama, basi," mke wa fundi alisema. "Ale kwanza."

"Atakula aibu yake. Mwombe shemeji yako radhi, hapa, mbele yetu."

Sentimita alikuwa ameshika tonge mkononi. Alilirudisha kwenye sahani, akanawa vidole katika bakuli la maji, akaketi vizuri kama mtu aliyeitwa barazani.

"Shemeji, nisamehe," alisema. "Nilikuaibisha kwenye kazi."

Fundi alijua kwamba akinyamaza sasa, atakuwa amenyamaza maisha yake yote. Alijua hivyo na akatafuta sauti yake kila mahali, kifuani na kooni, asiipate. Alichokipata ni mkono wake wa kulia, ambao ulikwenda wenyewe kwenye sahani.

"Yamekwisha," alisema. "Tule tu."

Akakiinua kile kipande, akakila. Mama mkwe akatikisa kichwa kwa kuridhika, na mke wa fundi akamwongezea mchuzi.

Baada ya kula, Sentimita aliomba bisibisi. Alipiga magoti mbele ya friji, akaufungua mlango kidogo, akausikiliza, akaufunga. Alichukua kipande cha kadibodi, akakikunja, akakipima kwa jicho na kukipachika chini ya bawaba. Akakaza skrubu moja, akalegeza nyingine. Mlango ukaacha kulia. Dada yake akampigia makofi kidogo, na mama mkwe akageukia dirishani, asitake kuonekana ametabasamu.

Fundi alimfuata uani alipokwenda kunawa.

"Shemeji," alianza.

"Usiseme," Sentimita alisema kwa sauti ya chini, akijimwagia maji. "Mimi sijasema, wala sitasema. Dada ana raha na friji yake. Tangu aolewe sijamwona ana raha hivi."

"Karakana nilikwenda."

"Nimesikia ulivyosema."

Sentimita alifuta mikono kwenye suruali.

"Nimepata kupakia mchanga kwenye malori," alisema. "Si kazi mbaya. Haina vipimo. Ila huo mlango usiuache na mzigo ule, shemeji. Kadibodi haitafika mbali."

*

Kesho yake asubuhi, mkewe alipokuwa sokoni, fundi alitoa skrubu zote na kuubandua ubao. Gundi ilishika, ikang'oka na rangi nyeupe ya friji, ikaacha madoa ya kahawia yenye nywele za mbao. Aliubeba ubao begani, kishikio kikiwa bado mahali pake, akapita nao mtaa mzima. Yule jirani aliyevua viatu alikuwa anafagia.

"Fundi, mnaihamisha friji?"

"Naurudisha ubao."

"Kwa mwenyewe?"

"Kwa mwenyewe."

Alifika karakana wakati wa chai. Mafundi walikuwa wamekaa juu ya magogo, vikombe mkononi, mashine zimezimwa, hivyo hakuna kelele ya kujifichia. Afadhali ingekuwepo. Aliusimamisha ubao mbele ya mzee wa karakana.

"Matundu haya ni ya mkono wangu," alisema.

Mzee hakuelewa mara moja. "Ndiyo nini?"

"Sentimita hakutoboa. Aliniambia tuulize kwanza, nikamkatalia. Nikatoboa mimi. Mwenye jiko alipouliza, nikamsingizia yeye. Ulipouliza wewe hapa, nikamsingizia tena."

Mmoja wa mafundi aliweka kikombe chini. Yule aliyekuwa akitabasamu siku ile alikuwa akitabasamu tena, lakini sasa lilikuwa tabasamu la namna nyingine. Mzee wa karakana aliinuka polepole, akauendea ubao, akaingiza kidole kwenye tundu moja, akakizungusha.

"Yamenyooka," alisema. "Umetoboa vizuri sana." Akatoa kidole. "Na kijana alinyamaza?"

"Alinyamaza."

"Kwa nini?"

"Kwa ajili ya dada yake."

Fundi alingoja matusi. Angeyapokea kwa shukrani, maana matusi yakiisha mtu anaweza kwenda nyumbani. Hayakuja.

"Mwambie Sentimita aje, mashine yake ipo," mzee alisema. "Yule mama nitamwambia mimi, asije akasikia kwa watu. Na wewe, fundi, tutakuwa tunasalimiana njiani."

Akaketi, akachukua kikombe chake. Mafundi wengine nao wakarudia chai zao. Hakuna aliyemtazama tena, akatoka mikono mitupu.

Alipita kwanza kwenye malori ya mchanga. Sentimita alikuwa juu, koleo mkononi, mweupe kwa vumbi mpaka kwenye kope. Fundi alimpa ujumbe akiwa chini, shingo ameiinua, na alipomaliza aliongeza neno la kuomba msamaha, lakini lori jingine liliwasha injini na hakujua kama lilisikika. Sentimita alichomeka koleo mchangani.

"Na dada?" aliuliza.

"Sijamwambia."

"Basi nenda kamwambie kabla sijafika mimi."

*

Mkewe alikuwa amerudi. Alikuwa amesimama mbele ya friji, kapu la sokoni bado mkononi. Bila ubao wake friji ilionekana fupi zaidi kuliko ilivyokuwa zamani, na kutu ile ya zamani pamoja na madoa mapya ya gundi viliifanya ifanane na kitu kilichotolewa majini. Alidhani wamevamiwa na wezi.

Fundi alimweleza kila kitu. Alieleza akiwa amesimama, hakutafuta kiti, na hakupunguza neno. Mkewe hakumkatiza. Alipomaliza, mkewe aliweka kapu chini, akachukua kisu cha jikoni na kitambaa, akapiga magoti na kuanza kukwangua gundi.

"Nitakununulia kishikio," fundi alisema. "Nitaipaka rangi. Itakuwa nzuri."

Kisu kilikwaruza. Kipande cha gundi kikaanguka, kikafuatwa na kingine.

"Mama watoto, sema kitu. Nitukane."

"Nimewaeleza watu wote," mkewe alisema bila kugeuka. "Kila aliyeingia humu nilimwambia mdogo wangu ndiye aliyeharibu. Kwa kinywa changu. Nilikuwa nawachekesha."

"Hukujua."

"Sikujua." Akakwangua tena. "Jana mama alipokuwa anamsema mdogo wangu, wewe ulikuwa unafanya nini?"

Fundi alitaka kusema kwamba alikuwa amenyamaza. Alitaka kusema kwamba sauti ilimgomea, kwamba moyo ulikuwa unamuuma, na yote hayo yalikuwa kweli.

"Nilikuwa nakula," alisema.

Kisu kikasimama. Mkewe alibaki amekiegemeza kwenye bati, amempa mgongo, na kwa kitambo fundi alidhani analia. Hakuwa analia. Aligeuka akamtazama usoni kama anayempima.

"Nyama ile nilimwekea yeye," alisema.

Kisha akarudi kwenye gundi yake.